Ndege, milima na ukungu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ndege inapopotea milimani siku ya ukungu, maswali huwa yale yale. Injini ilizimika? Rubani hakuuona mlima? Mbona vyombo vyote hivyo havikusaidia? Hapa nimekusanya yanayorudiwa zaidi. Unaweza kusoma jibu moja peke yake, na pale jambo lilipoelezwa kwingine nimetaja namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Ajali ya aina hii ni ipi hasa?

Ni ajali ambayo ndege nzima, injini zikinguruma na rubani akiwa macho, inaendeshwa hadi ikagonga mlima bila waliomo kujua kinachokuja ila sekunde za mwisho, na wakati mwingine bila kujua kabisa. Hakuna kilichovunjika kabla ya kugonga. Katika ripoti za wachunguzi utaikuta kwa kifupisho CFIT, cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kugonga ardhi ndege ikiwa chini ya udhibiti.

Mfano mzuri wa kuelewa ni ndege ya Air India iliyogonga Mont Blanc tarehe 24 Januari 1966 ikishuka kwenda Geneva. Watu 117 walikufa, akiwemo mwanafizikia Homi Bhabha. Kipokezi kimoja cha ishara za mwelekeo kilikuwa kibovu, kwa hiyo rubani alikisia alipo. Mwongoza ndege alimtajia umbali wake hadi mlimani, naye akaelewa kwamba mlima ameshaupita. Ulikuwa bado mbele yake.

Ukizisoma ripoti hizi nyingi, hilo ndilo linalojirudia: rubani hajui alipo, lakini anaamini kwamba anajua. Kama angekuwa na shaka, angepanda juu. Kinachoua hapa ni uhakika usio na msingi, na majibu mengi yaliyo hapa chini yanarudi kwenye jambo hilo.

2. Mlima ni mkubwa hivyo, rubani anakosaje kuuona?

Ndani ya wingu huoni hata ncha ya bawa lako vizuri. Nje ya wingu, kwenye ukungu mwepesi au mvua, unaona, ila huoni mbali ya kutosha. Ndege ndogo inayokwenda kilomita 220 kwa saa hula kilomita moja kwa sekunde 16. Ndani ya sekunde hizo rubani anapaswa kuliona umbo la kijivu, kukubali kwamba ni mlima na si wingu zito, kuamua ageukie wapi, kisha ndege yenyewe ianze kuitikia. Ndege kubwa inayokaribia uwanja kwa kilomita 460 kwa saa ina chini ya sekunde 8.

3. Kwa nini milimani kuna ukungu na mawingu kila mara?

Kwa sababu mlima hutengeneza mawingu yake wenyewe. Upepo wenye unyevu ukifika mlimani hauna pa kwenda ila juu, na hewa inayopanda hupoa kwa takriban nyuzi 1 ya Selsiasi kila mita 100. Ikipoa kiasi cha kutosha, unyevu hugeuka wingu. Marubani wana hesabu ya haraka: tofauti kati ya joto la hewa na kiwango cha umande (joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka maji), zidisha kwa mita 125, utapata takriban kimo ambacho wingu litaanzia.

Hatari yenyewe iko kwenye umbo la nchi. Dari ya mawingu mara nyingi hukaa kwenye kimo kile kile, lakini sakafu inapanda. Uwanjani kwenye tambarare wingu linaweza kuwa mita 600 juu ya kichwa chako, hali ya kutosha kabisa kuruka. Sasa fikiria njia ya kupitia kati ya vilele ambayo ardhi yake iko mita 700 juu zaidi ya uwanja. Njia hiyo imeshafungwa tangu asubuhi, ila ukiwa uwanjani hakuna dalili utakayoiona. Unaondoka kwenye anga safi na unakwenda kuingia kwenye pembe ambayo dari na sakafu zinakutana.

4. Ajali hizi ni za ndege ndogo tu?

Hapana. Tarehe 28 Novemba 1979 ndege ya Air New Zealand aina ya DC-10 iligonga Mlima Erebus huko Antaktika na kuua wote 257. Boeing 747 ya Korean Air iligonga kilima ikielekea kutua Guam tarehe 6 Agosti 1997. Kathmandu peke yake ilipoteza ndege mbili za abiria kwa miezi miwili: Thai Airways tarehe 31 Julai 1992, watu 113, na ya Pakistan tarehe 28 Septemba mwaka huo huo, watu 167.

Jeshi nalo halijasalimika. Agosti 2012 helikopta tatu za kivita za Uganda aina ya Mi-24, zikielekea Somalia, zilianguka katika Mlima Kenya kwenye safari moja. Siku hizi ndege kubwa za abiria zimepungua sana kwenye orodha hii, na sababu iko swali la 10. Ndege ndogo na helikopta bado zinaendelea kuanguka. Cessna Caravan iliyokuwa ikitoka Kitale kwenda Nairobi tarehe 5 Juni 2018 iligonga safu ya Aberdare, na watu wote 10 walikufa.

## Rubani na akili yake

5. Kuna tofauti gani kati ya kuruka kwa macho na kuruka kwa vyombo?

Anayeruka kwa macho anajizuia kugonga vitu kwa kuviona. Anayeruka kwa vyombo haangalii nje. Anafuata njia iliyochorwa na kupimwa, kwenye kimo ambacho kimehakikishwa hakina mlima. Njia zote mbili ni salama. Mauti yako katikati, kwa rubani aliyeanza kwa macho akaishia ndani ya wingu bila njia iliyopimwa, bila kimo salama, na mara nyingi bila mazoezi.

Kwa kanuni za kimataifa, anayeruka kwa macho chini ya mita 3,050 anatakiwa kwa kawaida aone angalau kilomita 5 mbele yake, na akae mita 1,500 kando ya wingu na mita 300 juu au chini yake. Watu huziona namba hizi kama urasimu. Rudi kwenye hesabu ya sekunde katika swali la 2 utaona zilikotoka.

6. Rubani mzoefu anaingiaje kwenye wingu akijua mbele kuna milima?

Swali hili huulizwa kwa hasira, hasa na ndugu wa waliokufa, na wana haki ya kuuliza. Jibu lake halifurahishi: karibu hakuna anayeamua kuingia. Wanaingia hatua kwa hatua.

Hali ya hewa milimani haibadiliki ghafla kama pazia. Mwonekano unatoka kilomita 10 unakuwa 8, kisha 6. Wingu linashuka kidogo, rubani naye anashuka kidogo ili abaki chini yake. Kila hatua ni ndogo na kila hatua inaonekana kama ile iliyopita, ambayo haikuleta madhara. Juu ya hapo kuna safari yenyewe: abiria wanasubiriwa, jua linazama, jana alipita hapa hapa na hali ilikuwa mbaya kuliko leo. Kadiri anavyokaribia mwisho wa safari ndivyo kugeuka kunavyokuwa kugumu moyoni, ingawa kwenye usukani ni jambo lile lile. Uzoefu huzidisha tatizo hili kwa namna yake, kwa sababu aliyefaulu mara hamsini kupita kwa tabu amejifunza kwamba hupita.

Dawa inayofanya kazi ni kuamua ukiwa ardhini. Rubani anaandika kabla ya kuwasha injini: nikifika mahali fulani mwonekano ukiwa chini ya kiasi fulani, nageuka. Angani anabaki kutekeleza tu. Akisubiri kuamua akiwa bondeni, atakuwa anabishana na nafsi yake, na nafsi inataka kufika.

7. Ni kweli mwili unadanganya ndani ya wingu?

Ni kweli, na hakuna aliyezaliwa bila udhaifu huo. Tunajua tumesimama wima kwa msaada wa macho na vimirija vyenye maji vilivyo ndani ya sikio. Ukianza kugeuka taratibu, vimirija havihisi. Ukiendelea kugeuka kwa sekunde 20 hivi, maji yanatulia na sikio linasema umenyooka. Ukijinyoosha kweli, sikio linapiga kelele kwamba unageukia upande wa pili, nawe unarudi ulikotoka.

Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu wanafunzi 20 wa urubani wasio na mafunzo ya vyombo, wakawekwa katika hali ya kutoona nje. Wote walipoteza udhibiti. Wa kwanza alichukua sekunde 20, wa mwisho sekunde 480, na wastani ulikuwa sekunde 178.

Helikopta iliyomuua mchezaji wa mpira wa kikapu Kobe Bryant na wengine wanane, Calabasas, California, tarehe 26 Januari 2020, ni ajali ya namna hiyo. Rubani aliwaambia waongoza ndege kwamba anapanda kutoka mawinguni, huku helikopta ikiwa imelala kushoto na inashuka. Hakuwa anasema uongo. Mwili wake ulikuwa unamwambia anapanda. Angalia kwamba hii si sawa na ajali ya swali la 1. Kule ndege iko chini ya udhibiti na haijui ilipo. Hapa udhibiti wenyewe umepotea. Matokeo ardhini hufanana, lakini kinga zake ni tofauti.

8. Viongozi wakubwa wanakufa sana kwa ajali hizi. Je, rubani huwa ameshinikizwa?

Orodha ni ndefu kweli. Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya jeshi la anga la Kenya iliyobeba wabunge iligonga kilima karibu na Marsabit, watu 14 wakafa. Tarehe 19 Mei 2024 helikopta ya Rais Ebrahim Raisi wa Iran ilianguka kwenye milima yenye ukungu. Wiki tatu baadaye, tarehe 10 Juni, ndege ya Makamu wa Rais wa Malawi, Saulos Chilima, ilishindwa kutua Mzuzu kwa sababu ya mwonekano hafifu, ikaambiwa irudi Lilongwe, ikaanguka katika msitu wa Chikangawa.

Shinikizo lipo, na mara nyingi halisemwi kwa mdomo. Kumbeba mheshimiwa anayesubiriwa na umati kunatosha. Lakini kifo cha mheshimiwa si ushahidi kwamba alimlazimisha rubani, na ni dhuluma kwa marehemu kulisema hilo kama jambo lililothibitishwa. Safari hizi pia huenda kwenye viwanja vidogo visivyo na vifaa, kwa ndege za serikali au jeshi ambazo hazifuati kanuni zote zinazoyabana mashirika ya abiria. Hilo lina uzito wake hata bila mtu kushinikiza.

## Vyombo na wanaosaidia kutoka chini

9. Chombo cha kupima kimo kinaweza kuonyesha uongo?

Ndiyo, kikiwa kizima kabisa. Altimeta ya kawaida haipimi umbali hadi ardhini, inapima kanieneo ya hewa na kuigeuza kimo. Kanieneo hubadilika kila siku, kwa hiyo rubani huirekebisha kwa namba anayopewa na mnara. Akikosea hektopaskali 10 (hicho ndicho kipimo cha kanieneo), kimo kinakosewa kwa mita 80 hadi 90.

Baridi ni mjanja zaidi. Hewa ya baridi imebanana, hivyo ndege iko chini kuliko chombo kinavyosema. Makosa ni kama asilimia 4 kwa kila nyuzi 10 chini ya joto la kawaida. Ukiwa mita 3,000 juu ya uwanja na hewa ina nyuzi 20 pungufu, unakosa takriban mita 240, na kigongo cha mlima hakihitaji zaidi ya hapo.

10. Hakuna king'ora cha kuonya kwamba mlima uko mbele?

Kipo, na ni miongoni mwa vifaa vilivyookoa watu wengi zaidi katika historia ya usafiri wa anga. Tarehe 1 Desemba 1974 ndege ya TWA ikielekea uwanja wa Dulles, Washington, ilishuka mapema mno na kugonga Mount Weather, Virginia. Watu 92 walikufa. Rubani na waongoza ndege walikuwa wameelewa tofauti maana ya ruhusa moja ya kukaribia uwanja. Baada ya hapo Marekani ililazimisha ndege kubwa za abiria kufungwa mtambo wa tahadhari ya ardhi, uliobuniwa na mhandisi Mkanada Don Bateman.

Mtambo wa kwanza ulitazama chini tu kwa mawimbi ya redio. Ardhi ikipanda kwa kasi chini ya ndege, unapiga kelele. Mbele ya ukuta wa mlima hilo lilikuwa tahadhari iliyochelewa. Miaka ya 1990 Bateman na wenzake waliupa ramani ya ardhi ya dunia, zikiwemo ramani za Kisovyeti walizonunua baada ya dola hiyo kuvunjika. Tangu hapo mtambo unajua ulipo na mlima uko wapi, na unaonya kama dakika moja kabla. Kanuni za kimataifa huutaka kwenye ndege za injini za turbini zenye uzito wa kuruka unaozidi kilo 5,700 au abiria zaidi ya 9, na ndiyo maana ndege ndogo zimebaki nyuma.

11. Mbona zipo ndege zilizogonga huku king'ora kinalia?

Kwa sababu king'ora hushauri, hakishiki usukani. Sukhoi Superjet iliyokuwa kwenye safari ya maonyesho nchini Indonesia tarehe 9 Mei 2012 iligonga Mlima Salak, watu 45 wakafa. Onyo la kwanza lilikuja sekunde 38 kabla. Marubani walidhani ramani ya mtambo ina kasoro, wakauzima. Wachunguzi walionyesha kwa majaribio kwamba hata kama wangechukua hatua sekunde 24 baada ya onyo la kwanza, wangeweza kupona.

Islamabad, tarehe 28 Julai 2010, Airbus ya Airblue ilionywa mara nyingi kabla ya kugonga vilima vya Margalla na kuua watu 152. Rubani msaidizi alimwomba nahodha waondoke. Ripoti inaeleza jinsi nahodha alivyokuwa amemkaripia tangu mwanzo wa safari. Mimi naihesabu sauti ya msaidizi kuwa king'ora cha kwanza, nacho kilizimwa kabla ya ndege kuondoka ardhini.

Kanuni inayofundishwa leo ni kwamba ndani ya wingu au usiku onyo likilia hakuna mjadala: nguvu zote, pua juu, maswali baadaye. Ndege ya American Airlines iliyoanguka karibu na Cali, Kolombia, tarehe 20 Desemba 1995 ilifanya hivyo ndani ya sekunde chache, lakini vibao vya kupunguza kasi juu ya mabawa vilibaki vimefunguliwa huku ikijaribu kupanda. Watu 159 walikufa.

12. Waongoza ndege hawaoni ndege inaelekea mlimani?

Mara nyingi hawaoni. Mawimbi ya rada hunyooka. Nyuma ya mlima kuna kivuli. Maeneo mengi ya milima hayana rada kabisa, na mwongoza ndege anajua ulipo kwa kuwa wewe umemwambia. Ukimwambia vibaya, ramani aliyonayo kichwani ina makosa yako.

Na hata kifaa kinapokuwepo lazima kiwe kimewashwa. Guam (swali la 4) palikuwa na mfumo wa rada wa kumwonya mwongoza ndege kwamba ndege iko chini mno, lakini ulikuwa umezuiwa ili kupunguza maonyo ya bure. Cali rada haikuwa ikifanya kazi.

13. GPS si imemaliza tatizo hili?

Imelipunguza sana. Juneau, Alaska, ambako milima inaubana uwanja, Alaska Airlines ilianza mwaka 1996 kupita kwenye njia nyembamba zinazofuatwa kwa setilaiti, na njia za aina hiyo sasa zipo duniani kote.

Ila kompyuta hufuata ilichoambiwa. Karibu na Cali marubani waliandika herufi R wakitaka kituo cha Rozo; kompyuta ikachagua kituo kingine cha R karibu na Bogotá, na ndege ikageukia mlimani. Erebus (swali la 4) kulikuwa hakuna GPS, lakini somo ni lile lile: namba za njia zilibadilishwa usiku wa kuamkia safari na marubani hawakuambiwa. Njia waliyofundishwa ilipita kwenye mlango wa bahari, na njia iliyoingizwa ilipita juu ya mlima.

Tatizo jipya ni ishara za GPS zinazoghushiwa karibu na maeneo ya vita. Mtambo wa tahadhari hupotoshwa na kulia bila mlima wowote. Ubaya ni kwamba rubani akizoea maonyo ya uongo, tunarudi Mlima Salak, swali la 11.

## Maamuzi angani

14. Kimo salama juu ya milima ni kipi?

Kwa anayeruka kwa vyombo, angalau mita 600 juu ya kizuizi kirefu zaidi kilicho ndani ya kilomita 8 za mahali anapokadiria kuwa. Kwenye nchi isiyo ya milima ni mita 300. Upepo mkali ukivuka milima, marubani wengi huongeza zaidi, kwa sababu iliyo swali la 18.

15. Rubani akijikuta bondeni na mawingu yanashuka, afanye nini?

Ageuke kabla hajalazimika. Ndege ndogo inayokwenda kilomita 185 kwa saa na kulala nyuzi 30 inahitaji takriban mita 930 kugeuka nusu duara. Kwa kilomita 260 kwa saa inahitaji zaidi ya mita 1,800. Kasi ikiongezeka kidogo, nafasi inayohitajika inapanuka sana, na bonde haliongezeki upana.

Ndiyo maana walimu wa kuruka milimani husema usipite katikati ya bonde. Pita ubavuni, ili upande wako mwingine ubaki na bonde zima la kugeukia. Kigongo ukiendee kwa mshazari, nyuzi 45 hivi, ili ukikuta kimefunikwa ugeuke kidogo tu. Punguza kasi mapema. Na tazama nyuma mara kwa mara, kwa sababu mlango ulioingilia unaweza kujifunga.

Ikiwa wingu limeshamfunika, asishuke kutafuta ardhi. Anyooshe mabawa kwa kutazama vyombo, apande kuelekea upande anaoujua kuwa wazi, kisha awaambie waongoza ndege ukweli bila kuona haya. Wengine wamekufa wakiogopa adhabu ya kukiri kwamba wameingia mawinguni.

16. Helikopta si inaweza kusimama tu hewani na kusubiri?

Kusimama hewani kunahitaji kuona kitu cha kujilinganisha nacho. Ndani ya ukungu helikopta iliyosimama huanza kuteleza kando au nyuma bila rubani kujua. Faida yake halisi ni nyingine: inaweza kutua shambani ungali unaona. Kuna kelele za lawama kila helikopta inapotua kwenye uwanja wa shule kwa sababu ya hali ya hewa. Binafsi ningempa rubani huyo mkono wa pongezi.

## Hali zisizo za kawaida

17. Inawezekana kugonga mlima siku isiyo na ukungu?

Inawezekana. Usiku wa Cali (swali la 11) hewa ilikuwa safi, lakini mlima usio na taa ni mweusi juu ya weusi. Erebus marubani walikuwa chini ya mawingu na waliona mbele. Walichokiona ni weupe: theluji ya mteremko na wingu juu yake zenye mwanga sawa, bila kivuli, zikafanana na uwanda mrefu wa barafu. Macho yalifanya kazi yake yote na hayakuwa na cha kushika.

18. Upepo peke yake unaweza kuishusha ndege mlimani?

Unaweza. Upepo ukivuka safu ya milima hushuka upande wa pili kama maji yanavyopita juu ya jiwe, na ndege ndogo inaweza kushushwa kwa kasi kuliko injini yake inavyoweza kupanda. Mawingu laini yenye umbo la lenzi yaliyosimama mahali pamoja ni ishara yake.

Upepo pia huharibu hesabu. Tarehe 13 Oktoba 1972 ndege ya Uruguay ikivuka Andes juu ya mawingu ilikadiria kwa saa kwamba imeshafika Curicó, Chile. Upepo wa mbele ulikuwa umeichelewesha. Ikageuka kaskazini na kushuka ingali katikati ya milima.

## Baada ya ajali

19. Kwa nini mabaki huchukua muda kupatikana?

Hali ile ile iliyoangusha ndege huzuia helikopta za kuitafuta. Ndege ya Aberdare (swali la 4) ilionekana siku mbili baadaye. Kifaa cha dharura kinachotuma ishara kwa setilaiti kwenye megahezi 406 husaidia, lakini antena hukatika au bonde huficha ishara. Vifaa vya zamani vya megahezi 121.5 havisikilizwi tena na setilaiti tangu tarehe 1 Februari 2009, na anayemiliki ndege yenye kifaa hicho pekee anapaswa kulijua hilo leo.

20. Kuna wanaonusurika?

Wapo. Airbus ya Air Inter ilipogonga Mont Sainte-Odile, Ufaransa, tarehe 20 Januari 1992, watu 9 kati ya 96 walipona, baada ya kungoja kwenye baridi zaidi ya saa nne. Maelezo yenye uzito kuhusu chanzo ni kwamba marubani walidhani wameagiza mteremko wa nyuzi 3.3, kumbe wameagiza kushuka futi 3,300 kwa dakika. Kati ya watu 45 wa ndege ya Uruguay, 16 walitoka hai baada ya siku 72, kwa kuwa wawili wao walitembea siku kumi hadi wakakutana na mtu.

Kwa kawaida ni heri kukaa karibu na mabaki. Ndege huonekana kutoka juu kuliko mtu, na hukinga upepo.

21. Basi nani wa kulaumiwa?

Uchunguzi wa ajali za ndege kwa kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, haufanywi ili kumpata mkosaji. Kesi ni kazi ya mahakama. Watu huona huko ni kukwepa. Nawaomba waitazame Erebus. Ripoti ya kwanza iliwaelekezea marubani kidole. Tume ya Jaji Peter Mahon ilipochimba zaidi ikafika ofisini, kwa waliobadilisha namba na kunyamaza. Lawama ikimwangukia marehemu siku ya kwanza, hakuna anayekwenda kufungua kabati la ofisi.

22. Kwa nini mabaki mengine hutokea baada ya miaka hamsini?

Kwa sababu ya barafu. Ndege iitwayo Star Dust ilipotea Andes tarehe 2 Agosti 1947 na watu 11. Iliruka juu ya mawingu dhidi ya upepo mkali wa anga za juu, ambao wakati huo haukueleweka vizuri, ikadhani imevuka milima na kuanza kushuka. Iligonga Mlima Tupungato na kufukiwa na theluji. Barafu ya mlimani hutiririka polepole, na mwaka 1998 wapanda milima waliona injini yake chini kabisa ya mteremko. Neno la mwisho lililopokelewa kutoka kwake kwa Morse, STENDEC, halijaeleweka hadi leo.

Mont Blanc nayo inaendelea kuirudisha ndege ya 1966. Mwaka 2012 barafu ilitoa mfuko wa barua za kibalozi, na mwaka 2020 magazeti ya India ya wiki ile ya ajali, yakiwa bado yanasomeka.